LIMFOMA YA TUMBO: TIBA YAKE NA MATUMAINI YA MGONJWA

Kansa, au saratani kama wengine wasemavyo, ni neno la kutisha. Mtu akiambiwa hospitalini kwamba tumboni mwake mna kansa, mara nyingi hasikii tena maneno yanayofuata ya daktari. Hurudi nyumbani akiwa amekwisha kujihesabu miongoni mwa wafu. Jamaa zake hunong'ona, na pengine huuza ng'ombe au kipande cha shamba ili wampeleke kwa waganga wa kila namna, na miezi ambayo tiba ingeweza kumwokoa hupita bure.

Lakini kansa si ugonjwa mmoja. Ni jina la jamii kubwa ya magonjwa, na katika jamii hiyo yamo yaliyo makali sana na yamo yaliyo mapole. Makala haya yaeleza habari za mojawapo, nalo ni limfoma ya tumbo. Tumelichagua kwa sababu mara nyingi huponyeka, na aina yake moja huweza kutoweka kwa vidonge vya majuma mawili. Haya hatuyasemi ili kuwafariji watu bure. Ni mambo yaliyothibitishwa na madaktari wa nchi nyingi. Hata hivyo, faida yake humfikia yule tu aliyepimwa sawasawa, akajua jina kamili la ugonjwa wake, akafuata tiba mpaka mwisho.

UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Kila mtu aliyewahi kupata jeraha mguuni ajua habari za mtoki. Jeraha likiingia uchafu, baada ya siku chache tezi iliyo kinenani huvimba na kuuma. Mtoki huo si adui. Ni kambi ya askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, ambazo zimekusanyika hapo ili kupigana na vijidudu. Jeraha likipona, askari hutawanyika na mtoki hunywea. Wafugaji nao walijua jambo hili zamani, kwa maana ng'ombe aliyeumwa na kupe wa ndigana kali huvimba tezi iliyo chini ya sikio.

Baadhi ya chembe hizo nyeupe huitwa limfosaiti. Ikitokea kwamba limfosaiti zimeasi, zikaacha kuitii amri ya mwili, zikazaana ovyo wala zisife kwa wakati wake, ugonjwa huo ndio uitwao limfoma. Mara nyingi limfoma huanza katika tezi za shingoni, kwapani au kinenani. Lakini yaweza kuanza penginepo pia, na katika sehemu zote za mwili zilizo nje ya tezi, tumbo ndilo liongozalo kwa kupatwa nayo. Hapa tusemapo tumbo, maana yetu ni ule mfuko upokeao chakula, wala si matumbo yote.

Yafaa kufahamu kwamba kansa nyingi za tumbo si limfoma. Nyingi hutokana na utando wa ndani wa tumbo lenyewe, na hizo zina tiba yake nyingine, ambayo mara nyingi ni kupasuliwa. Limfoma ni chache tu katika kila kansa 100 za tumbo. Basi mtu akikwambia, "Fulani ana kansa ya tumbo," hajakwambia bado habari kamili. Ni kama aliyesema kwamba kuna mnyama shambani bila kusema kama ni mbuzi au chui.

AINA MBILI

Limfoma za tumbo zina aina nyingi, lakini zilizo kubwa ni mbili. Ya kwanza huitwa limfoma ya MALT. Hii ni pole. Hukua polepole kwa miezi au miaka, na kwa muda mrefu hukaa tumboni bila kuenea. Ya pili huitwa limfoma ya chembe kubwa za B. Hii ni kali na hukua upesi, na mtu aweza kudhoofika kwa majuma machache. Tena aina iliyo pole, isipotibiwa, pengine hugeuka kuwa ile kali.

Mtu angedhani kwamba aina iliyo kali haina matumaini. Sivyo. Chembe zinazozaana upesi ndizo zinazouawa kwa urahisi na dawa za kansa. Kwa hiyo aina zote mbili zina njia yake ya kutibiwa, ila njia hizo hazifanani hata kidogo, na mtu akipewa tiba ya nyingine atapata hasara.

KIJIDUDU KIKAACHO TUMBONI

Zamani madaktari waliamini kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kukaa tumboni, kwa sababu maji ya tumbo ni makali kama siki iliyozidi. Mwaka 1979, katika mji wa Perth nchini Australia, Dkt. Robin Warren aliona vijidudu vilivyopindapinda katika vipande vya nyama vilivyotolewa matumboni mwa wagonjwa. Alisaidiwa baadaye na kijana mmoja, Dkt. Barry Marshall. Mara nyingi walijaribu kuvikuza vijidudu hivyo katika maabara wasiweze. Mwaka 1982 vyombo vyao viliachwa siku nyingi kuliko desturi kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka, na waliporudi waliona vijidudu vimeota. Kumbe vilihitaji muda tu.

Wengi hawakusadiki kwamba kijidudu hicho kinadhuru. Mwaka 1984 Dkt. Marshall alikunywa vijidudu hivyo yeye mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake likapata uvimbe na kichefuchefu. Mwaka 2005 mabwana hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kijidudu chenyewe huitwa helikobakta pilori, na hospitalini kwa kifupi husema H. pylori. Ndicho kinacholeta vidonda vingi vya tumbo, ambavyo wengi wetu huviita alsa.

Kijidudu hiki kina uhusiano gani na limfoma? Tumbo lenye afya halina kambi ya limfosaiti. Kijidudu kikiingia, na mara nyingi huingia utotoni, mwili hupeleka askari kupigana nacho. Kwa kuwa hakitoki chenyewe, vita huendelea miaka mingi, na kambi huwa mji. Kwa watu wachache sana, baadhi ya askari hao huharibika na kuwa limfoma ya MALT. Lakini mwanzoni uasi wao si kamili: bado wahitaji mwito wa adui ili waendelee kuzaana. Adui akiondolewa, hukosa kichocheo, nao hufa na kutoweka, kama vile mtoki unyweavyo jeraha lipatapo kupona.

Mwaka 1991 Dkt. Andrew Wotherspoon, Profesa Peter Isaacson na wenzao wa London walionyesha kwamba karibu wagonjwa 9 katika kila 10 wenye limfoma ya namna hii walikuwa na kijidudu hicho. Mwaka 1993 wakatangaza habari iliyowashangaza madaktari wengi: walikuwa wamewatibu wagonjwa 6 kwa dawa za kuua kijidudu peke yake, na katika 5 limfoma haikuonekana tena. Tangu hapo wagonjwa wengi katika nchi nyingi wametibiwa vivyo hivyo.

Asiogope kupita kiasi mtu aliyeambiwa kwamba ana kijidudu hiki. Mamilioni ya watu wanacho duniani, nasi katika Afrika tu wengi, na walio wengi hawapati kansa kamwe.

DALILI ZISIZOFAA KUDHARAULIWA

Shida ya limfoma ya tumbo ni kwamba hufanana na alsa ya kawaida. Huanza kwa maumivu juu ya kitovu, kiungulia, kichefuchefu, au kushiba upesi baada ya matonge machache. Mtu hununua dawa dukani, maumivu hupungua, naye huendelea hivyo mwaka mzima. Dawa za kupunguza asidi zaweza kutuliza maumivu hali ugonjwa wenyewe unaendelea kukua.

Mtu yeyote mwenye dalili hizi asikae nyumbani, bali aende hospitali:

Kukonda bila sababu. Kutapika damu, au kitu kama unga wa kahawa. Kwenda choo cheusi kama lami. Kuchoka na kuishiwa damu. Kutapika mara kwa mara, au chakula kukwama wakati wa kumeza. Uvimbe unaoweza kushikwa tumboni. Homa na jasho jingi usiku kwa majuma mengi. Kadhalika mtu aliyekwisha tibiwa alsa mara mbili tatu bila kupona, yafaa aombe kuchunguzwa ndani ya tumbo.

JINSI UGONJWA UNAVYOTAMBULIWA

Hakuna awezaye kuitambua limfoma ya tumbo kwa kumtazama mgonjwa usoni, wala kwa kumpapasa, wala kwa kipimo cha damu peke yake. Hapana budi kupimwa kwa endoskopi. Huo ni mpira mwembamba wenye taa na kamera, ambao hupitishwa kinywani mpaka tumboni. Mgonjwa hafungi chakula isipokuwa kwa saa chache kabla ya kupimwa, na hupewa dawa ya kutia ganzi kooni au ya kumsinzisha. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku ile ile.

Daktari hukata vipande vidogo vya nyama mahali pengi, hata pale panapoonekana pazima, kwa sababu limfoma yaweza kujificha. Vipande hivyo hupelekwa maabara. Huko hutiwa rangi za namna mbalimbali na kutazamwa kwa darubini, na hapo ndipo jina la ugonjwa hupatikana. Pengine majibu hukawia. Pengine vipande havitoshi na kipimo hurudiwa. Wengi hukasirika na kudhani kwamba wanazungushwa. Lakini kungoja jina la kweli ni bora kuliko kutibiwa upesi kwa jina la uongo.

Baada ya hapo daktari hutaka kujua kama ugonjwa umeenea. Mgonjwa hupigwa picha za kifua na tumbo kwa mashine ya CT, hupimwa damu, na pengine hutolewa uboho kidogo katika mfupa wa nyonga. Hupimwa pia virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B. Asione haya wala asidhani anashukiwa. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI hupatwa na limfoma kali kwa urahisi zaidi, naye aweza kutibiwa kansa huku akiendelea na dawa zake za kila siku. Na virusi vya homa ya ini vilivyolala mwilini huweza kuamshwa na baadhi ya dawa za kansa, kwa hiyo daktari hana budi kujua mapema ili ampe kinga.

TIBA YA AINA ILIYO POLE

Ikiwa ni limfoma ya MALT, nayo ingali tumboni tu, na kijidudu kimeonekana, tiba ya kwanza ni kukiua kijidudu. Mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza asidi, kama vile omeprazoli, pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, ambazo humezwa kila siku kwa siku 14 kwa desturi. Aliyewahi kudhurika na penisilini amwambie daktari kabla ya kuzimeza, kwa kuwa amoksisilini ni ndugu yake.

Vidonge hivi ni vingi, vina ladha mbaya kinywani, na huweza kuharisha. Wengi huacha siku ya tano au ya sita wakisema kwamba maumivu yamekwisha. Hilo ni kosa kubwa. Vijidudu vilivyobaki ni vile vigumu kufa, navyo huzaana na kuzoea dawa, hata mara ya pili dawa zile zile hazifai kitu. Anayeacha dawa ya alsa ya kawaida hujiletea maumivu; anayeacha dawa hizi akiwa na limfoma huichezea nafasi yake ya kupona bila kuchomwa sindano wala kupasuliwa.

Baada ya dawa kwisha, hupita mwezi mmoja au zaidi, kisha mgonjwa hupimwa kwa pumzi au kwa choo ili ijulikane kama kijidudu kimekufa. Majuma mawili kabla ya kipimo hicho huacha dawa ya asidi, maana huweza kuleta majibu ya uongo. Kipimo cha damu hakifai kwa kazi hii, kwa sababu alama za vita vya zamani hubaki katika damu muda mrefu baada ya adui kufa. Kijidudu kikiwa bado kipo, hupewa dawa nyingine.

Katika wagonjwa wa namna hii, karibu 3 katika kila 4 limfoma yao hutoweka bila tiba nyingine. Lakini haitoweki kwa siku moja. Kwa wengi huchukua miezi 3 mpaka 6, kwa wengine mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo endoskopi hurudiwa baada ya miezi kadhaa, na daktari akiona ugonjwa unapungua polepole husema, "Tungoje." Mgonjwa asidhani kwamba ametupwa. Mkulima aliyeng'oa mzizi wa mti hashangai kuona majani yakikaa siku kadhaa kabla ya kunyauka.

Je, ikiwa limfoma haitoweki, au kijidudu hakikuwapo tangu mwanzo? Hapo tiba nzuri ni miali, ambayo huelekezwa tumboni kwa mashine kwa muda wa majuma 3 au 4, siku 5 katika kila juma. Miali yenyewe haiumi, ingawa huweza kuleta kichefuchefu na uchovu. Kwa aina hii ya limfoma miali ina nguvu sana, na walio wengi hupona kwa njia hiyo. Ikiwa ugonjwa umeenea mahali pengi, hutumiwa dawa za sindano.

TIBA YA AINA ILIYO KALI

Limfoma ya chembe kubwa za B haingojewi. Tiba yake ni dawa kali za kuua kansa, ambazo huitwa kemotherapi. Mgonjwa huchanganyiwa dawa tatu za kupitia mshipani, yaani saiklofosfamidi, doksorubisini na vinkristini, pamoja na vidonge vya predinisoloni. Siku hizi huongezwa pia rituksimabu, dawa ambayo ilianza kuruhusiwa nchini Marekani mwaka 1997. Hiyo hushika alama iliyo juu ya limfosaiti za B, ili mwili uzitambue na kuziharibu.

Dawa za mshipani kwa kawaida hutolewa siku moja, kisha mgonjwa hungoja mpaka majuma 3 yatimie, halafu hurudia. Kwa kawaida hufanya hivyo mara 6, kama miezi 4 au 5 kwa jumla. Wengine, ambao ugonjwa wao haujaenea, hupewa mara chache zaidi, au huongezewa miali.

Ni kweli kwamba dawa hizi zasumbua. Nywele hunyonyoka, lakini huota tena tiba ikiisha. Kichefuchefu huja, lakini ziko dawa za kukizuia. Mkojo huweza kuwa mwekundu siku ya kwanza kwa rangi ya dawa, wala si damu. Vidole huweza kufa ganzi. Jambo la hatari hasa ni hili: siku kadhaa baada ya kila sindano, askari wa mwili hupungua sana. Mgonjwa akipata homa ya digrii 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, aende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Asimeze dawa ya maumivu na kulala akingoja asubuhi. Wagonjwa ambao wangepona kansa wamekufa kwa homa iliyodharauliwa.

Vivyo hivyo, dawa zinapoiyeyusha limfoma iliyokula ukuta wa tumbo, pengine tumbo hutoboka au hutoka damu. Maumivu makali ya ghafula, au choo cheusi, ni sababu ya kukimbilia hospitali mara moja.

JE, HAPANA HAJA YA KUPASULIWA?

Zamani wagonjwa wengi wa limfoma walikatwa sehemu ya tumbo au tumbo lote. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1990 na baada yake ulionyesha kwamba wale waliotibiwa kwa dawa na miali, wakaachiwa tumbo lao, hawakuwa na hali mbaya kuliko waliokatwa, nao walibaki wakila vizuri zaidi. Kwa hiyo siku hizi kisu hutumiwa tu ikiwa tumbo limetoboka, limeziba, au latoka damu isiyozuilika.

Kwamba limfoma husikia dawa kuliko kisu si habari ngeni kwetu. Mwaka 1958 Dkt. Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika habari za uvimbe wa mataya ya watoto wa Afrika. Baadaye ulijulikana kuwa ni limfoma, nao huitwa kwa jina lake hata leo. Kisu hakikufaa kitu. Lakini miaka ya 1960, Kampala na Nairobi, watoto walipewa dawa za kansa, na uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi yao wakapona kabisa. Hayo yalikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza duniani kuonyesha kwamba dawa peke yake huweza kuponya kansa.

MATUMAINI YA MGONJWA

Wagonjwa huuliza, "Nitaishi?" Hakuna daktari awezaye kumjibu mtu mmoja kwa hakika, bali aweza kumwambia yaliyowapata wengi. Wenye limfoma ya MALT iliyotibiwa mapema, zaidi ya 9 katika kila 10 huwa hai baada ya miaka 5. Wenye aina kali, wakipata tiba kamili, zaidi ya nusu yao hupona, na hesabu huwa nzuri zaidi kwa wale ambao ugonjwa haukutoka nje ya tumbo na tezi zilizo karibu nalo.

Maneno "miaka 5" huwapoteza wengi. Hayana maana kwamba mtu amepewa miaka 5 ya kuishi. Ni kipimo tu watumiacho madaktari. Kwa aina kali, ugonjwa ukirudi mara nyingi hurudi katika miaka 2 ya kwanza. Aliyepita hapo salama ana haki ya kupanda miti ya matunda. Aina iliyo pole yaweza kurudi hata baada ya miaka mingi, lakini hutibika tena.

Hesabu hizo zimetoka hasa katika nchi ambako vipimo na dawa viko karibu. Anayekuja akiwa amedhoofika, au anayekatiza tiba, hawezi kujihesabu humo. Tena aliyepona hana budi kurudi kwa endoskopi kila atakapoagizwa, kwa sababu tumbo lililowahi kuwa na limfoma lina hatari zaidi ya kupata ile kansa nyingine ya tumbo, na hiyo ikionekana mapema hutolewa.

MASWALI YAULIZWAYO MARA KWA MARA

Je, limfoma huambukiza? La. Mke, mume na watoto wale pamoja na mgonjwa bila hofu. Kijidudu cha tumbo ndicho kiwezacho kupita kwa mate, matapishi na choo, kwa hiyo kunawa mikono, kutumia choo na kuchemsha maji kwafaa kwa wote.

Je, ni uchawi, au sumu aliyotiliwa mtu? La. Twajua jinsi unavyoanza, nasi tumeeleza. Kumshuku jirani hakuponyi tumbo, tena huleta ugomvi nyumbani wakati ambapo mgonjwa ahitaji amani.

Je, aweza kunywa dawa za mitishamba pamoja na za hospitali? Amwambie daktari kila anachokunywa. Baadhi ya mitishamba huharibu ini au hugombana na dawa za kansa.

Je, gharama? Vidonge vya kuua kijidudu si ghali sana vikilinganishwa na tiba nyingine za kansa. Kemotherapi, hasa rituksimabu, ni ghali. Kila mtu ajiandikishe mapema katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwaka 2024, na aulize hospitalini ni sehemu gani ya tiba italipwa. Tiba ya kansa hupatikana katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, na katika Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa, Eldoret, na katika hospitali nyingine kadhaa. Jamaa wanaotaka kuchanga fedha wachange kwanza kwa ajili ya endoskopi na maabara, kisha kwa tiba yenyewe. Wasiuze shamba kabla jina la ugonjwa halijajulikana.

WAJIBU WA JAMAA

Mgonjwa peke yake huweza kukata tamaa au kusahau. Kwa hiyo mtu mmoja wa nyumbani, awe mke, ndugu au mtoto mkubwa, afuatane naye kwa daktari, aandike katika daftari jina la ugonjwa, majina ya dawa na tarehe za kurudi. Karatasi za maabara zitunzwe mahali pakavu, kwa maana akihamia hospitali nyingine hizo ndizo zitakazomwepusha kuanza upya. Na daktari asemapo neno "kansa", yule aliyefuatana na mgonjwa aulize maswali haya matatu: Ni kansa ya aina gani? Je, imeenea? Na H. pylori imepimwa? Majibu yake yaandikwe kabla hawajaondoka hospitalini.